Kwa Kulwa, Kuhusu Kilima cha Ikonda

Jumamosi, alasiri

Mwanangu Kulwa,

Mama yako amekuchukua kwenda kumuaga shangazi yako, na najua mtachelewa. Shangazi yako hamwachi mgeni aondoke bila kula, hapiki bila kuchinja, na kuku wake hawakamatiki. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa barazani upande wa kivuli, na karatasi nimeiweka juu ya lile sanduku lako la vitabu ambalo kesho asubuhi litapakiwa kwenye gari.

Mambo ya safari sitayagusa. Maji, karanga, sweta la baridi ya Dodoma, yote mama yako amekwambia mpaka umeanza kumwitikia kabla hajamaliza kusema. Mimi nina jambo jingine.

Juzi jioni nilikuwa nafunga zizi ukanifuata, ukaniuliza, "Baba, ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nikakujibu kwamba kuna ndama anachechemea, ngoja nikamtazame. Hapakuwa na ndama anayechechemea. Ulijua, nami nikajua kwamba umejua, ukaingia ndani. Barua hii ni jibu la swali lile, au tuseme ni kujaribu kulijibu. Unanijua, maneno hunitoka vizuri kwa kalamu kuliko kwa mdomo. Mlipokuwa wadogo wewe na Doto mlikuwa mkinichungulia jioni nikiandika shajara, mkicheka, "Baba anaandika, leo nimekula ugali." Ni kweli, siku nyingi niliandika hivyo.

Nyumba hii umeiondokea mara nyingi. Uliondoka na sanduku la bati kwenda bweni, ukaondoka kwenda chuo kikuu, ukaondoka kwenda ng'ambo tukakaa miaka tunakusikia kwenye simu tu. Sikukuandikia barua hata mara moja kati ya hizo, kwa sababu kila safari ulikuwa unakwenda kuchukua kitu huko. Safari hii unaondoka na mambo yetu mkobani.

Nitayaweka kwa mpangilio, ingawa unayajua, kwa sababu kichwa changu hakiwezi kufanya kazi vinginevyo. Jumatatu unaanza kazi ya kuishauri serikali katika mambo ya sayansi. Neno la kwanza walilokuomba ni hili: vilima gani vya wachimbaji wadogo visichimbwe mvua zikianza. Wewe uliyefundisha uinjinia wa ndege na vyombo vya angani mpaka ukaota mvi, umetazama picha za setilaiti, ukaona bega la kaskazini la kilima chetu cha Ikonda linazama. Na ndani ya bega hilo, kila siku ya kazi, ndugu yako pacha anashuka kwenye duara, shimo la wachimbaji, kusimamisha matimba, yale magogo yanayoshikilia shimo lisiwaangukie wenzake. Hapo ndipo swali lako lilipotoka.

Tena nikwambie mapema, lisije likakuchoma ukilisikia kwa mwingine: mimi nimetumwa kwako. Nitafika huko.

Nianze mbali. Tulipokaa Shinyanga mjini nilikuwa karani wa ghala kwenye jineri ya pamba. Mlikuwa mkiniletea chakula cha mchana. Doto akishanikabidhi bakuli alipanda juu ya marobota kucheza. Wewe ulikwenda kusimama chini ya lile bomba kubwa linalofyonza pamba kutoka kwenye magari. Ulitupa humo kipande cha gazeti, ukatupa unyoya, ukatupa ganda la karanga, ukaangalia kipi kinapaa na kipi kinaanguka. Siku moja ukaniuliza kwa nini ndani ya mashine mbegu inaanguka na pamba inapanda wakati upepo ni ule ule. Nikakujibu, "Ndivyo mashine ilivyotengenezwa." Nililiona jibu zuri kabisa. Hukuniuliza tena kitu kwa muda mrefu.

Kisha ukatupa kofia ya msimamizi, mzee Nkwabi. Ilipita kwenye bomba ikaenda kutokea upande wa pili haina ukingo. Nilikuchapa mbele ya wafanyakazi. Nkwabi mwenyewe ndiye aliyenishika mkono: "Baba Kulwa, mwache. Kofia hiyo imempa huyu elimu kuliko ilivyowahi kunipa mimi kivuli." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nahesabu jinsi ya kukuondoa pale chini ya bomba. Sikufikiria hata kidogo kukaa na wewe nione unachokiona.

Ulipokaribia kumaliza sekondari nikafunga safari mpaka shuleni kwenu kumwomba mwalimu mkuu akuelekeze kwenye uuguzi. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mzee," akasema, "mtoto wako alikuja ofisini kunieleza kwa nini paa la bweni lingeng'oka upande wa magharibi. Nikamwambia akasome. Likang'oka upande wa magharibi. Wewe unataka nimpe kipimajoto?" Nilirudi na basi nimenuna njia nzima. Nilikutaka uwe muuguzi kwa sababu muuguzi nilijua anafanya nini. Nilitaka uwe kitu ninachokielewa, ili siku ukikwama niweze kukusaidia. Kosa hilo nimelirudia kwako kwa namna nyingi, na ukiangalia vizuri utaona hata juzi pale zizini lilikuwa ni lile lile. Umekwama mahali ambapo mimi sina mkono wa kufika.

Ulipopata shahada ya uzamivu nilisimama kanisani nikatangaza kwamba umekuwa rubani. Usicheke. Kijiji kizima kilikuwa kikipungia kila ndege iliyopita kuelekea migodini. Bibi Ng'washi, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka jikoni na mwiko: "Kulwa huyo! Leo kapita chini, kauona moshi wangu." Na mimi nikapunga, Kulwa. Nilikuwa najua kwamba uko ng'ambo, lakini nikapunga. Uliporudi likizo ukanieleza taratibu kwamba hurushi ndege. Unachunguza jinsi hewa inavyoteleza juu ya bawa, na ni wakati gani inaachana nalo.

"Ikiachana nalo?" nikauliza.

"Ndege inaanguka, Baba."

"Sasa wewe unafanya nini?"

"Namwambia mtengenezaji kabla haijaanguka."

Nikaona ni kazi nyembamba sana kwa masomo ya miaka yote ile. Kumwambia mtu jambo tu! Nilifikiri hata mimi naweza.

Na kweli nilikuwa nimewahi kupewa kazi hiyo, tena kabla yako. Habari ya moto wa jineri unaijua kwa moshi tu, kwa kuwa mlikuwa shuleni mkauona ukipanda. Acha nikueleze kwa upande wa ghalani. Pamba ikichambuliwa, wakati mwingine cheche ndogo inaruka kwenye misumeno ya mashine inaingia ndani ya pamba, inafungwa nayo kwenye robota. Robota hilo halitoi moshi. Linakaa kimya kati ya wenzake, linaiva kwa ndani. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kupita kwenye mistari nikiweka kiganja. Asubuhi ile nikakuta moja lina joto. Lilikuwa ndani, kwenye kivuli, halijaonja jua.

Nikaenda kwa meneja. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Mzee, mstari wa nyuma kuna robota lina joto kidogo." Akasema bila kuinua kichwa, "Joto la jua hilo. Magari yanakuja kesho, yataondoka yote." Nikasema, "Sawa, mzee." Jioni nikaandika kwenye shajara, "Nimemwarifu meneja." Nikalala vizuri.

Ghala liliungua lote. Hakufa mtu, lakini vibarua waliokuwa wakitegemea msimu ule walirudi makwao mikono mitupu, na wengine walikuwa majirani zetu, unawakumbuka. Walipokuja wakubwa kuuliza, meneja hakunikana. Alisema, "Karani aliniambia. Ila aliniambia kama mtu anayenijulisha kwamba chai iko tayari."

Neno hilo sikuwahi kuliandika. Halikuhitaji kuandikwa.

Sasa nije kwenye ng'ombe.

Ulipofika wiki ile, Maganga, mwenyekiti wa wenye maduara pale Ikonda, alikuja hapa anakokota dume jeusi. "Shikamoo, Baba Kulwa. Wachimbaji wamechanga. Mtoto wetu amekuwa mkubwa, hatuwezi kumpokea kwa chai na maandazi." Nilifurahi. Wewe na Doto mlipozaliwa, mapacha, watu walituangalia kwa jicho la wasiwasi kama ilivyokuwa zamani, na leo kijiji kinaleta dume kwa ajili ya mmoja wenu. Nikanyoosha mkono nikapokea kamba. Mimi mwenyewe, mkono huu. Na huku kwetu anayepokea kamba ya ng'ombe amepokea na neno linalomfuata ng'ombe nyuma. Nimezeeka nikilijua hilo. Siku ile furaha ilinisahaulisha, sikuuliza neno lenyewe ni lipi.

Nililisikia pamoja na wewe, siku ya karamu. Maganga aliposimama na kipaza sauti: "Profesa wetu! Umekula ng'ombe wa Ikonda. Ng'ombe wa Ikonda katoka wapi? Katoka ndani ya kilima. Basi kilima kiko tumboni mwako, mayu, mama yetu. Nani anayepiga teke tumbo lake mwenyewe?" Wanawake wakapiga vigelegele vya asante, "Wabeja, mayu! Wabeja!" Wewe ulicheka pamoja nao. Kisha nikaona kicheko kinakuishia usoni polepole, ukanitazama mimi. Nami nikatazama sahani yangu.

Kesho yake alikuja bila kipaza sauti. Nakuandikia alivyosema, bila kupunguza.

"Baba Kulwa, hatumwambii aseme uongo. Asahau tu. Wasomi wanasahau mambo mengi."

"Huyu hasahau," nikamwambia.

"Basi aseme baada ya mvua. Kilima kimesimama tangu babu zetu, kitashindwa kusimama msimu mmoja?"

Hapo akaacha utani, akakaa chini.

"Nikwambie ukweli, mzee wangu. Wakipiga marufuku, unadhani watu wataondoka? Wataondoka mchana. Watarudi kwa kuiba, bila matimba, bila mwenyekiti, wanachimba kama panya. Na Doto atakuwa wa kwanza. Unamjua mwanao."

Ninamjua. Nikamwambia nitazungumza nawe. Ndivyo nilivyotumwa.

Jioni ile ile, kwenye chakula, nilitaka kuanza, mkanitangulia ninyi wawili. Nililiandika lile bishano kabla ya kulala, kwa hiyo silikosei. Doto ndiye aliyeanza:

"Profesa, hiyo setilaiti yako imewahi kushuka duarani?"

"Haishuki. Inapita juu, inapima, ikirudi inapima tena."

"Sasa ikipita kesho iambie inipungie. Nitakuwa nimevaa kofia nyekundu."

"Doto, bega la kaskazini limebonyea. Kama godoro alilolalia mtu."

"Godoro letu limebonyea tangu mwaka juzi, hatujaanguka kitandani. Muulize mke wangu."

Mama yako akagonga meza kwa kijiko: "Ninyi mlianza kupigana tumboni mwangu na mpaka leo hamjamaliza!" Tukacheka wote. Lakini wewe hukuacha. Ukasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Mdogo wangu, nakuomba." Na Doto, anayekuzidi kimo na mabega, akashusha macho. Halafu akasema, "Mimi nikiacha kushuka, matimba atapiga nani? Yule kijana anayepigilia msumari kwa jiwe? Kuna watu wengi chini yangu mle, Kulwa. Siwezi kutoka nikawaachia paa la kubahatisha." Akanawa mikono, akaondoka.

Nikakuuliza mimi, "Una uhakika?" Ukaniambia, "Baba, siku siijui. Upande bega linakoelekea naujua." Nikakuuliza kama ukisema wataifunga Ikonda. Ukaniambia mshauri haamui, mshauri anasema, wenye kuamua wanaamua, na wakati mwingine karatasi inakaa. Nilidhani kusoma kwako kote kule kumekufikisha mahali ambapo watu hawasimami mlangoni. Kumbe nawe una mlango wako wa kusimama.

Kwa hiyo niko hivi, mwanangu. Mtoto wangu mmoja anaijua hatari na hana uwezo wa kuizuia peke yake. Mwingine anao uwezo wa kutoka, na hatoki kwa sababu ambayo siwezi hata kuiita mbaya. Nikikwambia nyamaza, namzika Doto kwa mdomo wangu. Nikikwambia sema, huenda namtoa Doto kwenye shimo lenye matimba namtia kwenye shimo lisilo na matimba. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nimejaribu kuliandika kwa mistari miwili, huku faida na huku hasara, kama nilivyokuwa nikifanya kazini. Karatasi nimeichana nikawashia moto wa chai.

Kitu kimoja tu nilichoweza kukifanya nimekifanya asubuhi hii. Ile ngozi ya dume ambayo Doto aliiwamba uani ili uitandike ofisini kwako Dodoma, hutaikuta. Nimeing'oa vigingi nikaikunja, haijakauka vizuri ilikuwa inakataa, nikaifunga nyuma ya baiskeli. Mbwa wa kijiji kizima walinisindikiza. Nilipofika kwenye karasha, pale wanaposaga mawe, Maganga alikuwa amesimama na watu wake, kila mtu mweupe kwa vumbi. Nikaishusha ngozi miguuni pake.

"Ngozi tu, Baba Kulwa?" akasema. "Nyama iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, na kwato!"

"Nyama tumekula wote," nikasema, "hata wewe ulikula, tena ini. Sijaleta nyama. Nimeleta lile neno lililokuja na kamba. Mwanangu hajalipokea, nililipokea mimi, na sikuwa na haki ya kulipokea kwa niaba yake."

Kicheko kikaisha. Maganga akasogea karibu. "Umenirudishia ngozi mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo uliponifunga."

Nilidhani atanitukana. Si mtu mbaya, Kulwa, na ndiyo maana jambo hili ni gumu. Aliinua uso akakitazama kilima, akaniuliza taratibu, wengine wasisikie, "Kwani yeye anasema lini?"

"Hajui siku."

"Hata mimi sijui siku nitakayopata mawe mazuri," akasema. "Lakini nashuka."

Akamwambia mtu aisogeze ngozi kivulini. Hakusema ameipokea wala hakusema ameikataa. Sijui kama ngozi inatosha kumrudisha ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Wazee ninaowajua wangebishana juu ya hilo mpaka jua lizame. Mimi nimeamua kwamba inatosha, kwa sababu sina kingine cha kurudisha. Ukipita njiani kesho na watu wasikusalimie, ujue ni kwa ajili ya ngozi, si kwa ajili yako.

Sasa jibu. Uliniuliza ningekuwa wewe ningefanyaje. Ningekuwa wewe, mwanangu, ningesimama mlangoni, ningesema mara moja kwa sauti ya chini, ningeambiwa ni joto la jua, ningesema sawa mzee. Halafu ningekwenda kumtazama ndama. Hilo ndilo jibu la kweli, na nimelikimbia tangu juzi kwa sababu linaniaibisha. Kwa hiyo usifanye ambavyo ningefanya. Sina mfano wa kukupa. Nina huo tu, na ni wa kuepuka.

Kusema mara moja kwa upole ni kunyamaza kwa mtu mwenye adabu. Nimechelewa kulijua. Wakikuambia subiri magari ya kesho, usitoke mlangoni. Rudia. Wakichoka na sura yako, rudia. Na usiwaonee haya kwamba una ndugu yako mle. Najua umefikiri usiseme kwamba ndugu yako yumo, wasije wakadhani unapendelea. Sema. Meneja yule angekuwa na mtoto wake amelala ghalani, robota lisingengoja magari.

Na ukiandika kwamba Ikonda ifungwe, usiishie hapo. Maganga ana kisirani lakini kwa hili la kurudi kama panya amesema kweli. Uliza wale watu waende wapi siku ile ile wanayotolewa, na akina mama wanaouza uji pale kwenye karasha waende wapi, na nani atakaa njiani kuzuia watu wasirudi, na atakula nini ili asihongwe. Mimi sijui majibu. Naona tu kwamba karatasi isiyo na hayo itafukuza watu mchana tu. Wewe unaujua upepo. Jineri ilikufundisha kwamba ukiziba huku unatokea kule.

Ukisema na wakafunga, Doto atakukasirikia. Huenda asije hapa kwa muda mrefu. Mimi atanihesabu upande wako, na atakuwa hajakosea. Ukisema na wasifunge, utabaki na lile nililobaki nalo mimi, na hakuna baba anayeweza kukubebea. Natamani ningekuwa na neno la kukutuliza hapa. Nimekaa na kalamu juu ya karatasi mpaka kivuli kimehama kutoka sanduku lako kwenda ukutani.

Nilimwita Doto pia, baada ya kutoka kwa Maganga. Nilimwomba asishuke mpaka uwe umeleta habari. Alisema, "Baba, unajua jibu langu." Nikamwambia ninalijua, ila nina ombi dogo zaidi. Kila asubuhi kabla hajakwenda kilimani apite hapa kunisalimia, na jioni akitoka apite tena hata kama amechoka, hata asipokaa. Alicheka. "Umeanza kuwa mzee kweli." Lakini amekubali, na Doto akikubali jambo hulifanya.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu tangu Jumatatu, ukiwa ofisini kwako. Asubuhi nitaandika, "Doto kapita." Jioni nitaandika, "Doto karudi." Wakikuambia karatasi yako inasubiri kikao, kumbuka kwamba mchana wote ule mimi niko hapa barazani na mstari mmoja umeandikwa.

Nawasikia sasa mnakuja, mama yako anacheka, inaonekana kuku alikamatika. Sitakupa barua hii mkononi. Nitaiweka ndani ya sanduku lako, juu ya vitabu, utaikuta ukifika.

Fanya upesi, Kulwa. Sema kwa sauti.

Baba yako